Sura ya Saba: Kivuli Kikavu

Mwenye nyumba wa Dodoma akikuta mwarobaini mkubwa kiwanjani hujiona amebahatika, na ana haki. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kutafuta, upepo unapeperusha vumbi, na ifikapo Oktoba hakuna pa kuweka kiti mchana isipokuwa chini ya mti huo. Taabu huanza siku anapotaka pawe na kijani. Ananunua ukoka kwa magunia, anaupanda, anaumwagilia kila jioni, na baada ya miezi michache amebaki na nyuzi za njano. Jirani anamwambia pana giza mno hapo. Anakata matawi, mwanga unaingia, anapanda ukoka mwingine, nao unakufa.

Jirani hakusema uongo. Ukoka ni mmea wa jua na hauvumilii kivuli kizito. Ila ametaja sababu ndogo akaiacha kubwa. Subiri mvua nzuri ya usiku mwezi wa Januari, kisha asubuhi chukua jembe uchimbe sehemu mbili: moja uwanjani penye uwazi, nyingine nusu ya njia kati ya shina la mwarobaini na ncha za matawi yake. Uwanjani utakuta unyevu umeshuka hadi kina cha kiganja au zaidi. Chini ya mti, ukishapita vumbi lililolowa juujuu, udongo ni mkavu kama mvua haikunyesha. Rasharasha ya milimita mbili tatu huishia kwenye majani, ikalowesha matawi, jua likatoka, ikarudi hewani bila kugusa ardhi. Dodoma inapata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kila rasharasha inayoibiwa juu ya mti ni hasara.

Kiasi kinachofika chini nacho kina mwenyewe. Watu wengi huamini mizizi ya mti imeshuka chini tu, labda kwa sababu ndivyo tulivyoichora shuleni. Mizizi minene ya kushikilia mti kweli hushuka, lakini ile myembamba inayokunywa imetandaa karibu na uso wa ardhi, mingi katika nusu mita ya juu, na huenda mbali kupita ncha za matawi. Ndiyo maana kumwagilia kidogo kila jioni hakusaidii. Yule mwenye ukoka miezi yote ile alikuwa anaumwagilia mwarobaini.

Kwa hiyo swali la kwenda nalo kitaluni si "Mmea gani unapenda kivuli?" Muuzaji atakuonyesha ishirini, na kumi na nane itakufa. Swali ni hili: mmea gani unaweza kuishi kwenye kivuli huku mti mkubwa ukiunyang'anya maji? Ni swali gumu zaidi, lakini majibu yake yako karibu na nyumbani kuliko unavyodhani.

Kabla ya majibu, tazama mti wenyewe, maana vivuli havilingani. Mgunga una vijani vidogo vinavyopitisha mwanga na mvua, na chini yake hata mimea ya kawaida hujitahidi. Mkrismasi una kivuli chepesi pia, lakini mizizi yake ya juu ni minene na imesambaa, hata pa kuchomeka jembe utapatafuta. Mwembe unatia giza mwaka mzima. Mkaratusi sina neno jema la kusema juu yake: unakunywa sana, majani yake yanaoza polepole na kutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota. Chini ya mkaratusi weka benchi. Ukibahatika kuwa na Faidherbia albida, ule mti wa jamii ya migunga unaoonekana sana kwenye mashamba ya mabondeni, basi una mti uliofanya mambo kinyume kwa faida yako. Huvua majani wakati wa masika na kuyavaa kiangazi, hivyo chini yake mvua inaingia wakati wa mvua na kivuli kinakuja wakati wa jua.

Kuna kivuli cha pili ambacho vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza au California vinakieleza kwa namna itakayokupotosha: kivuli cha ukuta. Huko kwao upande wa kaskazini wa nyumba una kivuli mwaka mzima, na mwandishi anaweza kukwambia panda hiki kaskazini, kile kusini. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko kaskazini, na ukuta wa kusini unakaa kivulini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo yanageuka.

Maana yake kwa mpanda bustani ni kubwa. Upande wa kusini wa nyumba unapata kivuli karibu kiangazi chote, halafu jua linarudi, na muda si mrefu mvua nazo zinafuata. Hapo ndipo pazuri kuliko pote. Upande wa kaskazini unachomwa miezi yote mikavu, kisha unaingia kivulini wakati wa mvua, wakati ambao mmea ungependa kupata mwanga ukue. Ukiwa na miche michache ya thamani, ipeleke kusini. Na ukuta wowote wenye paa lililotokeza una ukanda mwembamba ambao mvua haiufikii kabisa. Usipande hapo, weka kokoto.

Mimea inayouzwa barabarani kwa sifa za uvumilivu imegawanyika katika makundi mawili yanayochanganywa kila siku. Kundi la kwanza linavumilia ukame lakini linataka jua: bogenvilia, mkonge, shubiri nyingi, adenium mwenye shina lililovimba. Bogenvilia chini ya mwembe haifi upesi. Inarefuka, inajaa miiba na majani, na ua hulioni. Kundi la pili linapenda kivuli lakini linakunywa maji mengi: kangaga, magimbi ya mapambo, begonia. Hata mmea wetu wa kivulini uliovuma kuliko yote duniani uko humo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alikusanya ua dogo la urujuani kutoka eneo la Usambara, na mwaka uliofuata lilipewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo liko madirishani kote Ulaya na Marekani. Lakini asili yake ni misitu yenye ukungu na miamba inayotoa jasho. Kulileta chini ya mwarobaini wa Dodoma ni kuliua, hata kama ni la Tanzania.

Tunachotaka ni mimea ya vichakani, katika nchi kavu. Magharibi ya Dodoma, upande wa Manyoni, kuna vichaka vya Itigi, msitu mfupi uliosongamana wenye urefu wa mita tatu hadi tano, juu ya udongo wa kichanga. Vichaka vya namna hii, na vile vya nyanda kavu kuelekea kaskazini hadi Kenya na mashariki hadi pwani, vimelea kwa maelfu ya miaka mimea midogo ambayo haijawahi kuishi kwingine isipokuwa chini ya wakubwa wenye kiu. Mimea hiyo ina tabia moja kubwa: akiba. Ama inaweka maji chini ya ardhi, ama kwenye majani manene, ama inalala usingizi miezi yote mikavu na kuamka mvua ikirudi.

Mfalme wao ni Zamioculcas zamiifolia. Wengi wanaujua kwa herufi mbili tu, ZZ, ule mmea wa majani yanayong'aa unaouzwa ghali kwenye vyungu vya ofisini. Wanunuzi wengi hudhani umetoka China au Uholanzi. Waholanzi walichofanya ni kuanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 na kuupeleka sokoni. Kwao ni hapa, kuanzia kusini mwa Kenya, kupita Tanzania bara na Zanzibar, hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Chini ya udongo una tunguu nene, mviringo, kama viazi vilivyobanana, na humo ndimo maji yake yalimo. Ukiwa na kiu huanza kufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana, ili usipoteze maji kwenye joto. Kiu ikizidi, unaangusha vijani vyake vyote na kubaki kama mabua. Hapo ndipo watu huung'oa na kuutupa, na ndipo wanapokosea, kwa sababu tunguu liko hai na litachipua mvua za Desemba zikianza. Kitu kinachouua upesi ni maji mengi. Utomvu wake unawasha mdomo na ngozi, kwa hiyo watoto wadogo wasiutafune.

Baada yake ninaweka mkonge pori, yaani jamii ya Sansevieria. Tofautisha na mkonge wa mashambani, uliotoka Amerika: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Mkonge pori hauhitaji kuagizwa. Spishi nyingi ni za Afrika Mashariki, na Bonde la Oldupai lilipata jina lake kutoka kwa Wamasai kwa sababu mmea huu umejaa pale. Ukipita nchi kavu utauona umejipanga chini ya migunga, si juani, na hilo ni somo tosha. Kitaluni utauziwa zaidi ule wa majani mapana yenye mabaka, wenye asili ya Afrika Magharibi na Kongo. Unafaa. Lakini ukipata wa kwetu, wenye majani manene kama fimbo na kingo nyekundu, chukua, uupande mbali na mahali watoto wanapocheza, maana ncha yake ni kali kiasi cha kutoboa jicho. Kwenye kivuli kizito sana mkonge pori unaishi bila kukua. Usingoje miujiza, ongeza idadi ya miche.

Wataalamu wa mimea wameuhamishia mkonge pori kwenye jenasi ya Dracaena, hivyo siku hizi ni ndugu rasmi wa masale. Masale hayahitaji kuelezwa kwa Mchaga, ambaye huyapanda mpakani mwa kihamba, shamba lake la ukoo, na kubeba jani lake anapokwenda kuomba msamaha. Yanavumilia kivuli vizuri na ukame kwa kiasi, ingawa yamezoea mvua za Kilimanjaro. Nchi kavu ncha zake huungua na kuwa kahawia, na si lazima iwe kiu. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kuanzia Arusha hadi Singida, yana floridi nyingi, ileile inayotia meno rangi, na masale pamoja na Chlorophytum, nitakayoieleza punde, ni miongoni mwa mimea inayoumizwa nayo haraka. Ukiona ncha zimeungua huku udongo una unyevu, acha maji ya kisima. Kinga ya mvua kwenye pipa, uitumie hiyo kwa mimea hii miwili tu.

Chlorophytum yenyewe, ile ya majani membamba yenye mstari mweupe ambayo huning'iniza vitoto vyake, ndiyo ninayoipendekeza kuchukua nafasi ya ukoka. Mizizi yake ni minono na imejaa maji. Ikipandwa kwa umbali wa hatua ya mtoto, hufunika ardhi baada ya misimu miwili. Haikanyagiki, hilo ujue mapema. Anayetaka mahali pa watoto kukimbia chini ya mti asijidanganye kwa mmea wowote, atandaze majani makavu.

Kwa ukuta au uzio wa kivulini kuna Cissus rotundifolia, mtambaazi wa hukuhuku mwenye majani ya mviringo, manene kama ngozi. Kwa rangi kuna walalaji. Scadoxus, lile ua jekundu la mviringo mfano wa mpira, hutoka ardhini mvua za kwanza zikianguka, likapendeza wiki kadhaa, majani yakafuata, kisha kila kitu kikazama tena. Gloriosa, ambayo ni ua la taifa la Zimbabwe, hupanda juu ya vijiti na kuchanua miali ya nyekundu na njano. Zote mbili huhitaji usiyamwagilie kabisa makazi yake kiangazi, na hapo zinapatana vizuri na mti mchoyo. Lakini zote zina sumu, na tunguu la Gloriosa limewahi kuua watu waliolidhania kiazi. Nyumba yenye watoto wa kuchimbachimba iache Gloriosa.

Sasa upandaji, ambako watu wengi huharibu kazi nzuri. Panda mwanzo wa masika, mvua ikishanyesha mara mbili tatu, si mapema kwa haraka. Nunua mche mdogo. Mkubwa una majani mengi na mizizi michache, na chini ya mti utashindwa. Usilime eneo zima, maana utakata mizizi ya mti, nao utajibu kwa kuotesha myembamba mipya kwa wingi mahali hapohapo. Tafuta nafasi kati ya mizizi kwa mtaimbo, chimba shimo dogo, tia koleo moja la mboji, panda. Usimwage udongo mpya juu ya mizizi kwa kina, na usiurundike kwenye shina, unaozesha gome.

Mmea unaovumilia ukame haukuzaliwa ukivumilia. Mwaka wa kwanza wote, baada ya mvua kukatika, upe maji mengi mara moja kwa wiki mbili, ndoo nzima kwa kikundi cha miche, polepole, asubuhi. Baada ya hapo punguza hadi mara moja kwa mwezi, kisha acha. Wale walalaji hawamo katika hesabu hii.

Na majani yanayoanguka yaache. Hapa najua nagusa heshima ya watu. Uwanja uliofagiwa alfajiri, ukabaki na mistari ya ufagio, ni alama ya nyumba yenye mwenyewe, na mke au binti anayeuacha na majani atasemwa. Sishauri uwanja wote. Fagia njia, fagia barazani, fagia mahali pa kupokea wageni. Duara la chini ya mti liwekee mpaka wa mawe, ili kila apitaye aone limeachwa kwa makusudi, na majani yanayofagiwa kwingine yamwagwe humo. Udongo wa huku ukiwa uchi unapigwa na matone na kuchomwa na jua hadi unakuwa sakafu. Waingereza waliliona hilo mwaka 1947 walipofyeka vichaka vya Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Ardhi ikabaki wazi, ikakauka ikawa ngumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umefungwa na mamilioni ya pauni yamepotea. Ugumu wa ardhi haukuwa sababu pekee, mvua nazo ziligoma. Lakini mtu anayefagia chini ya mwarobaini kila siku anatengeneza Kongwa ndogo uani kwake, na maji ya ndoo yatateleza juu yake kwenda kwa jirani.

Pingamizi la kweli ni nyoka. Jibu langu ni la umbali: acha mita tatu tupu kati ya mimea na mlango, usipande kichaka kirefu, na usirundike mbao au matofali karibu, maana panya hupenda marundo hayo na nyoka humfuata panya. Mbu nao wana hoja yao, kwa kuwa baadhi huzaliana kwenye maji yanayotuama katikati ya majani. Wakati wa mvua chungulia masale na mikonge pori, umwage maji yaliyotuama humo.

Mbuzi sina dawa yao isipokuwa uzio. Chlorophytum wataimaliza asubuhi moja.

Gharama isikutishe, kwa sababu karibu mimea yote hii inajizalisha. Usiing'oe porini, hasa kwenye hifadhi. Omba kwa mwenye nayo au nunua mmoja. Vitoto vya Chlorophytum vikigusa udongo vinashika vyenyewe. Tunguu la ZZ ligawe kwa kisu mwanzo wa mvua, uache jeraha likauke siku moja au mbili kivulini kabla ya kupanda. Ukiwa na subira, chukua kijani kimoja kimoja ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo: kila kimoja hutengeneza kitunguu chake chini, ingawa huenda ukangoja miezi mingi kabla ya kuona chipukizi juu. Jani la mkonge pori nalo unaweza kulikata vipande vya urefu wa kidole na kuvichomeka, mradi kila kipande kielekee juu kama kilivyokuwa. Tahadhari moja: ule mkonge pori wenye kingo za njano, ukioteshwa kwa kipande cha jani, watoto wake hutoka kijani kitupu. Anayetaka njano hana budi kugawa shina la chini, na muuzaji anayekupa majani yaliyokatwa kwa bei ya wenye kingo anajua anachokifanya.